Acheni Kusingizia Kamera

Mjadala wowote kuhusu filamu za Kitanzania humalizwa kwa maneno mawili: stori na kamera. Nimeyasikia kwenye mabenchi ya kahawa hapa Masasi, nimeyasikia redioni, nimeyasoma magazetini, na kila anayeyatamka hujiona ameshatoa hukumu. Stori zetu, wanasema, ni zile zile: mama mkwe mkorofi, mirathi, mtoto wa kambo anayeteswa, kijana aliyekwenda mjini akasahau kwao. Na kamera zetu, wanaendelea, ni za harusini. Basi dawa ni nyepesi. Tupate stori mpya na mitambo ya kisasa, Bongo muvi ifufuke. Mwigizaji huingia kwenye mazungumzo mwishoni kabisa, na hapo anatajwa kwa sura yake au kwa idadi ya wafuasi wake Instagram.

Napinga hoja hiyo tangu juu mpaka chini. Kwa aina ya filamu tunayoipenda kuliko zote, yaani filamu ya familia, upya wa stori ni jambo dogo, na kamera ni jambo dogo zaidi. Filamu hiyo husimama au huanguka kwa uigizaji. Sisi tumeupa uigizaji muda mfupi kuliko kitu kingine chochote, halafu tunailaumu mashine.

Nieleweke nasemea filamu gani. Filamu ya mapigano sina ugomvi nayo. Gari hulipuka vile vile bila kujali nani alikuwa kwenye usukani. Filamu ya familia haina mlipuko. Ina sebule, ina mkeka, ina jiko la mkaa uani, na watu wanne au watano waliojuana maisha yao yote, kila mmoja akiwa na jambo analomficha mwenzake. Tukio kubwa la filamu nzima linaweza kuwa mama kuingia chumbani na kukuta begi la mwanawe limeshafungwa. Kwenye karatasi huo ni mstari mmoja. Mwandishi hana la kuongeza pale, na mpiga picha anachoweza ni kuhakikisha taa inatosha. Kinachobaki ni uso wa yule mama, na mikono yake, na muda anaochukua kabla ya kuuliza, "Unakwenda wapi?"

Tuanze na shtaka la stori ile ile, maana ndilo linalopendwa na wasomi. Mwaka 1953 Mjapani Yasujiro Ozu alitoa filamu iitwayo Tokyo Story. Wazee wawili wanasafiri kwenda mji mkuu kuwaona watoto wao. Watoto wana shughuli zao. Wazee wanarudi kwao, na mama anafariki. Ndiyo yote. Msimulie mzee yeyote wa Newala mwenye watoto Dar es Salaam, atakwambia stori hiyo anaijua, na pengine atakutajia mitaa wanakoishi. Hata hivyo wakosoaji na watengenezaji wa filamu duniani wamekuwa wakiiweka kwa miaka mingi miongoni mwa filamu bora zilizowahi kutengenezwa. Kama upya wa stori ungekuwa ndio kipimo, ingekwisha kutupwa zamani.

Sababu ya kutotupwa kwake ina jina: Chishu Ryu. Alimwigiza baba mzee wa miaka kama 70 ilhali yeye mwenyewe alikuwa na 49. Uzee wake hautegemei mvi wala mkongojo, vitu ambavyo waigizaji wetu huvikimbilia wakipewa nafasi ya babu. Uko katika namna anavyochelewa kidogo kuitikia, anavyoguna kwa upole na kukubali kila analoambiwa hata pale anapoonewa. Pembeni yake yupo Setsuko Hara, mkwe mjane anayewatunza wazee kuliko watoto wa damu, mwenye tabasamu ambalo mtazamaji anachelewa kugundua kuwa ni la kujikaza. Waondoe wawili hao uweke watu wa kusoma maneno tu, na utabaki na taarifa ya safari.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni wa mwaka 2011, pale filamu ya Muirani Asghar Farhadi, A Separation, ilipoingia kwenye tamasha la Berlin. Mume na mke wanataka kuachana, baba wa mume ana maradhi ya kusahau, na mwanamke aliyeajiriwa kumwangalia anaingia kwenye mgogoro na familia. Ni mambo ya baraza la kata. Majaji waliipa tuzo kuu, na katika tuzo za uigizaji wakafanya jambo lisilo la kawaida: hawakumchagua mtu mmoja. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike wakawapa waigizaji wa kike wa filamu hiyo kwa pamoja, na ya kiume wakawapa wanaume wake kwa pamoja. Nadhani walielewa kwamba katika filamu ya familia ukimsifu mmoja peke yake umeshaidhulumu kazi. Mke anaonekana amechoka kwa sababu mume amesema neno lake kwa namna ya kumchosha. Uigizaji wa hapo ni wa kupokezana, na kwetu ndio ulio adimu. Kwetu mmoja huongea huku mwenzake akisubiri zamu yake, na unamwona kabisa kuwa anasubiri.

Kuhusu kamera nitasema kwa kifupi, kwa sababu shtaka lenyewe halistahili urefu. Satyajit Ray alipoanza kupiga Pather Panchali huko Bengal, filamu iliyotoka mwaka 1955, mpiga picha wake Subrata Mitra alikuwa hajawahi kupiga filamu hata moja. Fedha ziliisha mara kwa mara, kazi ikasimama, vito vya mke wa Ray vikawekwa rehani. Hali hiyo haijapungukiwa na chochote tunacholalamikia sisi. Lakini Ray alifanya jambo ambalo mtayarishaji wa Kitanzania hulifanya kwa nadra: alikwenda kumtafuta bibi wa umri wa kama miaka 80, Chunibala Devi, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa ameacha kazi hiyo miaka mingi, akampa nafasi ya ndugu mzee anayelala kwenye kibaraza cha watu na kulishwa kwa masimango. Bibi yule akipokea tunda ambalo binti wa nyumba ameliiba kwa ajili yake, akalificha, akacheka bila meno, umaskini wa familia nzima unaeleweka bila mtu kutoa hotuba. Alifariki kabla filamu haijaanza kuonyeshwa kwa umma.

Na hapa kwetu tuna ushahidi wa kale wa kamera isiyo na mwigizaji. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na mashine ya kupiga picha za kutembea na ya kunasia sauti. Kwa wakati ule vifaa hivyo vilikuwa vya kisasa kuliko droni yoyote ya leo. Alinasa ngoma zetu, watu wakirukaruka mchangani. Hakuna hata mmoja kati ya watu wale tunayeweza kusema tunaijua tabia yake, wala alichokuwa akiogopa asubuhi hiyo. Weule hakuwa akitafuta hilo, kwa hiyo simlaumu. Ninachosema ni kwamba kamera ilifika Makonde zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kufika kwake peke yake hakukutupa filamu.

Sasa nije kwenye filamu ambayo kwa maoni yangu inamaliza ubishi kwa sisi wa Afrika Mashariki. Supa Modo, ya Mkenya Likarion Wainaina, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2018. Ina dakika 74 tu. Mtoto wa kike wa miaka tisa, Jo, ana ugonjwa usiopona. Mama anamtoa kwenye kituo cha wagonjwa na kumrudisha nyumbani kijijini amalizie siku zake. Jo anapenda filamu za Jackie Chan na za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake Mwix anawashawishi wanakijiji wote wajifanye kwamba mtoto ana nguvu hizo kweli.

Pima stori hiyo kwa mizani ya wakosoaji wetu. Mtoto anayekufa ni mtego wa machozi wa zamani kuliko yote. Tumeuona kwenye filamu za Kihindi tangu tukiwa wadogo, tumeuona kwenye za Kinigeria, na sisi wenyewe tumeutumia bila aibu. Kwa watu wengine kitu hiki kingekuwa dakika 74 za kilio na kinanda. Haikuwa hivyo, na sababu ni watu watatu wa nyumba moja.

Stycie Waweru, anayemwigiza Jo, haigizi ugonjwa. Anaigiza mtoto aliyekasirika. Kuna ujanja machoni mwake, kuna dharau ndogo ya mtoto anayejua kwamba watu wazima wanamdanganya na ameamua kuwaachia waendelee. Nyawara Ndambia, aliye Mwix, anabeba uchangamfu wa filamu yote, lakini uangalie uso wake mdogo wake anapogeuka kutazama pembeni. Uchangamfu unazimika kwa sekunde moja, kisha unawashwa tena kwa nguvu. Hakuna anayemwambia mtazamaji kwamba dada anajilazimisha. Na Marrianne Nungo, mama Kathryn, amefanya kazi ngumu kuliko zote: amekubali kutopendwa. Ni mkunga, mwanamke ambaye kazi yake ni kupokea watoto wa wenzake, naye anataka mtoto wake abaki ndani, apumzike, asichoshwe na michezo ya kijiji. Kwa sehemu kubwa ya filamu yeye ndiye kizuizi cha furaha. Mwigizaji dhaifu angetuomba huruma mapema, angedondosha chozi dirishani ili tujue kuwa moyoni ni mwema. Nungo anaukaza mgongo. Anaongea kama mtu mwenye orodha ya kazi kichwani. Kwa hiyo siku anapolegea kidogo tu, wewe uliyekuwa ukimkasirikia unajikuta huna pa kuuweka uso wako.

Hapo ndipo ninaposema uigizaji unaiinua filamu. Nazungumzia kazi iliyogeuza maana ya stori. Kwenye karatasi Supa Modo ni hadithi ya kijiji kinachomfurahisha mtoto. Kwa uigizaji wa wale wanawake wawili imekuwa hadithi ya mama na dada wanaogombania haki ya kuamua mtoto afe vipi, na hakuna kati yao aliye na makosa.

Jambo jingine, la pembeni kidogo. Katika Supa Modo yumo kijana anayeonyesha filamu kijijini na kuzitafsiri kwa mdomo papo hapo. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza vya video tunamjua mtu huyo. Kwetu alikuwa Kapteni Derek Mukandala, yule Lufufu, ambaye sauti yake ilifunika sauti za waigizaji wa nchi zote. Nimefikiri sana juu ya hilo. Ukimtazama mwigizaji ambaye sauti yake huisikii, lugha yake huijui, na juu yake kuna mtu mwingine anapiga porojo, kilichobaki kwako ni mwili na uso. Leo tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zinafunga maduka mapema katika mitaa ya Masasi, na nyingi ni za nini? Za familia. Kina mama wa hapa wanakwambia fulani ni mnafiki kabla hajafanya unafiki wenyewe, kwa sababu wameyasoma macho yake. Kwa hiyo wanaodai kwamba mtazamaji wetu hajali uigizaji, kwamba anataka magari na majumba tu, wamtafute mtazamaji mwingine. Huyu wa kwetu amefundishwa na kibanda kuangalia uso.

Na kabla ya kibanda alifundishwa na kinyago. Wamakonde wana ngoma za vinyago, mapiko kwa ndugu zetu wa Msumbiji na midimu kwa upande huu, ambamo mchezaji huvaa sura ya mti isiyoweza kukunja hata ukope. Tabia yote ya anayeigizwa, awe mzee mwenye majivuno, mgeni au mwanamke wa makamo, inabidi itoke mabegani, magotini na katika mwendo. Watu wa Newala wanaozunguka uwanja ule ni mahakimu wakali. Mwendo ukikosewa wanaguna. Sisemi mcheza midimu atiwe kwenye filamu kesho. Kamera iko karibu mno na ile kazi imekusudiwa ionekane kwa mbali, na atakayeicheza vile vile sebuleni ataonekana amerukwa na akili. Nasema kwamba jicho la kupima uigizaji lipo hapa tangu zamani, na ni dharau kudhani watu hawa wataridhishwa na picha safi.

Turudi kwenye Bongo muvi yenyewe. Wapinzani wangu husema filamu zetu zilipendwa zamani na sasa zimeshuka, kisha wanakimbilia vifaa. Lakini kwa vifaa zamani ilikuwa mbaya zaidi! Picha za miaka ile zilikuwa na rangi za kufifia na sauti ya upepo. Kilichokuwepo ni kikundi. Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Blandina Chagula walipitia Kaole Sanaa Group, wakicheza michezo ya ITV pamoja na wazee waliokwisha kukomaa jukwaani. Kikundi maana yake ni watu kukutana na kujaribu jambo mara nyingi mbele ya wenzao wasioogopa kucheka. Ndivyo mtu anavyozoea kumsikiliza mwenzake. Kisha biashara ya filamu ikashamiri, kila mmoja akachukuliwa peke yake kama nyota, vikundi vikafifia, na shule ile ikafa bila kutangazwa msiba.

Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, nchi ilimlilia kwa namna ambayo hakuna msanii wa filamu aliyewahi kuliliwa. Hakuna aliyelilia ubora wa picha zake. Zitazame filamu zake Uncle JJ na This Is It, alizocheza na watoto Hanifa Daudi na Othman Njaidi, ambao nchi nzima iliwajua kwa majina ya Jennifer na Patrick. Stori ni nyepesi sana. Lakini Kanumba anawapa watoto nafasi. Anawatazama wakiongea, anacheka pale mtoto anapochekesha, na wale watoto wanajibu kama watoto wa nyumbani, si kama kasuku wa shuleni. Nyumba nyingi ziliiga maneno yao. Hiyo ndiyo kazi ya uigizaji, na ilifanyika ndani ya filamu ambazo kiufundi mkosoaji anaweza kuzichambua mpaka zisibaki na kitu.

Baadaye nini kilitokea, ni siri ya wazi. Filamu moja iligawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili iuzwe mara mbili. Kwa hiyo dakika zikahitajika. Ndiyo maana gari linapiga honi, mlinzi anatoka, geti linafunguliwa, gari linaingia, mlango unafunguliwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka barazani, na bado hajasema neno. Filamu ikapigwa kwa siku chache, maneno yakabuniwa hapo hapo, na mama akaambiwa asubuhi kwamba leo una binti, binti mwenyewe ndiye huyu, mfahamiane. Katika mazingira hayo mwigizaji afanye nini? Atalia. Kilio ndicho kifaa pekee kisichohitaji maandalizi. Atalia mpaka dakika zitimie, na mtazamaji atasema waigizaji wetu wanajua kulia tu, kana kwamba ni tabia waliyozaliwa nayo.

Sasa nisikilize hoja yao yenye nguvu, maana ipo. Wanasema mwigizaji hawezi kuokoa andiko bovu, na kwamba wengi wa wanaoigiza hawajasomea. La kwanza nalikubali nusu. Andiko ambalo kila mtu anatamka wazi anachohisi linamnyima mwigizaji kazi. Ukishasema "nimeumia sana moyoni" hakuna cha kuigiza tena. Kwa hiyo mwandishi anahitajika, ila kwa ajili ya kuacha nafasi. Hahitajiki kwa ajili ya kubuni mapacha waliopotezana hospitalini na wosia uliofichwa kwenye godoro. Mfano ni filamu ya Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016, iliyofuata njia iliyokanyagwa na kila filamu ya bingwa maskini anayeibuka. Unajua mwisho kabla ya nusu saa. Anayekushika ni Lupita Nyong'o akiwa mama wa mtaa wa Katwe, mjane mwenye kiburi cha mtu aliyebakiwa na heshima peke yake, anayeuogopa mchezo wa chesi kwa sababu unampa mtoto matumaini asiyoweza kuyalipia. Na aliyekuwa akicheza naye kama bintiye, Madina Nalwanga, alikuwa msichana wa Kampala aliyepatikana kwenye darasa la ngoma.

Hilo linajibu la pili, la kusomea. Chuo kipo Bagamoyo tangu 1981, leo kinaitwa TaSUBa, na ninakiheshimu. Lakini cheti hakijawahi kuwa ndio mpaka. Aisha, filamu ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Chande Omar na kutengenezwa na shirika la UZIKWASA la Pangani, ilimweka mwigizaji mzoefu, Godliver Gordian, katikati ya watu wa Pangani kwenyewe. Ni filamu ya ukatili dhidi ya mwanamke na ukimya wa jamaa zake, jambo ambalo lingeweza kuishia kuwa tangazo la semina. Ukimya wa wale jamaa ndio unaotisha, na ukimya hauandikiki. Mwaka 2018 Fatuma ya Jordan Riber ilifanya kitu cha aina hiyo kwa familia ya wakulima, Beatrice Taisamo akiwa mama anayelima. Mwanamke huyo akiinama shambani unaamini kuwa ameinama hivyo tangu usichana. Je, hilo lilihitaji kamera ya bei gani?

Linalohitajika lina bei, sikatai. Bei yake ni muda. Mwingereza Mike Leigh huwakusanya waigizaji wake miezi kadhaa kabla ya kupiga picha, wakajenga maisha ya wahusika wao tangu utoto, mara nyingine bila kujua mwenzao anajua nini. Secrets & Lies, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1996, ina tukio la mama na binti aliyemtoa alelewe na wengine akiwa mchanga, wamekaa kwenye mgahawa mtupu, kamera imesimama pale pale bila kukatwa kwa dakika nyingi. Brenda Blethyn anakana kuwa ni mama yake, kisha kumbukumbu inamjia usoni mbele yetu. Kiufundi hakuna tukio rahisi kuliko hilo: meza moja, watu wawili, kamera haisogei. Mtu yeyote wa video za harusi hapa Masasi angeweza kulipiga. Hakuna anayeweza kuliigiza bila miezi ile.

Kwa hiyo hesabu yangu kwa mtayarishaji ni ya kibiashara kabisa. Fedha ya droni ya kuonyesha bonde kutoka Shimo la Mungu pale Newala, fedha ya kukodi nyumba ya ghorofa na gari la kifahari, ilipe chakula na malazi ya waigizaji sita kwa wiki tatu katika nyumba ya kawaida ya mtaa wa kawaida. Wapike pamoja. Wagombane nani achote maji. Picha zipigwe baadaye, kwa kamera yoyote itakayokuwepo.

Na stori? Nitatoa moja ya bure, ya zamani na isiyo na jipya. Msimu wa 2018, Serikali imeamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wamekuja kusomba mzigo maghalani, na wakulima wanahakikiwa mmoja mmoja kabla ya kulipwa. Katika nyumba moja ya kando ya Masasi baba alikwisha kuuza sehemu ya korosho zake kwa kangomba, ule ununuzi usio rasmi, miezi ya shida, kwa bei ya bakuli. Mke hajui. Anahesabu magunia, anapanga ada ya sekondari na unyago wa binti. Mjomba wa watoto anakuja, na kwa kuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba huyo si mgeni wa chai tu. Ana sauti katika nyumba ile. Anauliza, kwa upole kabisa, mwaka huu mmepeleka magunia mangapi.

Wape tukio hilo waigizaji waliokutana asubuhi hiyo. Baba atagonga meza, mke atapiga yowe, mjomba atatoa hotuba kuhusu uaminifu, na kinanda kitaingia. Wape watu walioishi pamoja wiki tatu. Baba atataja idadi haraka mno. Mke ataendelea kupepeta mchele, ila ungo utapoteza mwendo wake mara moja. Mjomba ataona vyote viwili, ataomba maji ya kunywa, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa filamu watu watatu wanajua jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Dakika 40 za filamu ziko ndani ya yale maji ya kunywa.

Najua jibu litakalokuja: waigizaji wa namna hiyo tutawatoa wapi, huku kusini? Anayeuliza hivyo aje siku ya malipo, akae nje ya ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, amwangalie mwanamume anayetoka na karatasi yenye kilo pungufu kuliko alizomwambia mkewe. Aangalie anavyoikunja ile karatasi, anavyosalimiana na kila mtu kwa uchangamfu njia nzima, na anavyoanza kupunguza mwendo akikaribia kwake.